Aliyeniachia Jina Getini

Maporomoko yenyewe sikuyaona kwa miaka mingi sana. Watu hawaamini nikiwaambia. Nimepeleka watu huko mpaka gari la kwanza likachakaa nikaliuza vyuma chakavu, nikanunua la pili, nalo sasa linakohoa. Lakini ungeniuliza maji yale yanaangukaje, ningekujibu kwa maneno ya abiria. Kazi yangu iliishia getini. Nashusha watu, nafungua milango hewa ipite, nakaa. Na kuchoka kwa kukaa ni kubaya kuliko kuchoka kwa kutembea. Aliyewahi kuwa dereva wa kusubiri anajua ninachosema.

Mwenye maporomoko alikuwa yule mama. Si kwamba aliyamiliki. Ule ni msitu wa hifadhi, una geti na mlinzi na kibao kilichofutika maandishi. Lakini watu wa Kibiti na Ikwiriri hawakusema wanakwenda maporomokoni, walisema wanakwenda kwa Mama Kiongozi. Hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu, wakubwa kwa wadogo, hata na binti yake akiwa amekasirika. Jina lake halisi nalijua. Kwa nini silitaji nitasema, ila si sasa.

Safari zetu zilikuwa za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Natoka Kibiti na watu baada ya sala ya alfajiri, nampitia yeye Ikwiriri penye maghala ya ufuta, tunavuka daraja pale Ndundu, halafu mbele kidogo tunaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea milimani. Nilikuwa namkuta amesimama kando ya barabara na fimbo yake, yeboyebo miguuni, suruali ndani ya khanga, mtandio umefungwa kichwani kama mtu anayekwenda kuvuna mpunga. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umechelewa."

Siku moja nilifanya makusudi. Niliamka mapema kuliko kawaida, nikawabembeleza abiria, tukafika Ikwiriri yeye hajatoka nyumbani. Nikazima gari nikakaa kwa raha zangu. Akaja anajikongoja, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akasema, "Umechelewa."

"Mama, mimi ndiye niliyekungoja wewe."

"Basi ungewahi zaidi ungeningoja zaidi. Twende."

Akishaketi, anavua yeboyebo na kutoa kichupa cha mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu, anaanza kukanda magoti. Gari zima linanuka karafuu. Abiria wageni walidhani ni manukato ya gari, wengine wakaniuliza nanunua wapi. Mke wangu naye akaanza kuniuliza ninanunua wapi, kwa sauti nyingine. Ikabidi nimchukue siku moja mpaka Ikwiriri akaone magoti yenyewe, ndipo nyumbani kukatulia.

Darajani hakutaka mazungumzo. Tukikaribia mto ananyoosha mkono juu ya usukani, maana yake punguza mwendo. Napunguza. Malori nyuma yanapiga honi, mimi natokwa jasho, yeye anatazama maji. "Zamani hapa tulingoja pantoni mpaka jua likatuhama," aliniambia wakati mmoja. "Siku hizi mnavuka mkichezea simu." Nikamwambia si angeshukuru basi, pantoni ilikuwa tabu. Akasema anashukuru, ila mto mkubwa namna ile si kitu cha kupita bila kuutazama. Haya, nikajifunza kupunguza mwendo bila kuambiwa. Mpaka leo napunguza.

Ukimuuliza hali alikuwa na jibu moja. Umeamkaje, mama? Nimechoka. Safari ilikuwaje leo? Tumechoka. Mwanzoni nilidhani analalamika, nikawa nampa pole nyingi. Baadaye nikaelewa kuwa anatoa taarifa tu. Mimi mwenyewe sasa nikiulizwa hali najibu hivyohivyo, na mke wangu anasema nimeambukizwa.

Sasa nikueleze utaratibu wa pale getini, maana bila huo huwezi kumwelewa yeye wala mimi.

Wenyeji wa milima ile wana desturi yao. Jina la mtu haliingii msituni. Mtu akiitwa kwa jina lake mle ndani, jina linabaki humo, na yeye anatoka hana kitu cha kuitikia. Kwa hiyo kabla ya kuingia, kila mmoja anamwendea yule anayebaki nje, anamwambia jina lake, na anayebaki analishika. Huko ndani mnaitwa majina mengine. Mkitoka, aliyebaki anasimama getini anaita majina, mmoja mmoja, na kila mtu anaitika, mwanamume naam, mwanamke abee. Ukishaitika umetoka. Asiyeitika bado hajatoka, hata awe amesimama mbele yako anakunywa soda.

Na aliyebaki nje siku zote nilikuwa mimi.

Ndiyo sababu sikuyaona maporomoko. Si uvivu, wala si kulinda gari. Gari angelilinda mlinzi wa geti, mtu mwema, kazi yake kubwa ilikuwa kusinzia. Lakini mlinzi aliposhika majina mara ya kwanza alisahau la bibi harusi mmoja, pakawa na kilio, na tangu hapo Mama Kiongozi hakumwamini tena. Mimi alinijaribu. Aliponiona nawaita watu wote bila kukwama, akanitazama muda, akasema, "Wewe utakaa hapa." Ikawa ndiyo ajira yangu.

Kuandika alinikataza. "Karatasi ikiloa je?"

"Mama, karatasi itakuwa na mimi huku garini. Maji yatatoka wapi?"

"Shika kichwani. Jina la mtu si la kutia mfukoni."

Ubishi na yeye ulikuwa kazi bure. Basi nikawa nashinda pale na majina ya watu kichwani, nayarudia chini ya pumzi huku mbung'o wananila shingo. Akina Rehema watatu katika msafara mmoja, huyu wa Bungu, huyu wa Kibiti, huyu mwenye pengo. Ikifika adhuhuri kichwa kimejaa, hata redio siwezi kusikiliza. Watu wanaona dereva amelala kwenye kiti, kumbe mtu yuko kazini.

Na jina la mwisho kupokea kila asubuhi lilikuwa lake. Alikuwa anasubiri wote wamalize, anakuja dirishani kwangu, anainama, ananiambia jina lake polepole kana kwamba sijawahi kulisikia. Kila safari, miaka yote ile. Nami nalirudia, naye anatikisa kichwa. Jioni nikiliita, anaitika "abee" kwa sauti nyembamba ya msichana, sauti ambayo hakuwa nayo wakati mwingine wowote. Nadhani mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee aliyebaki anamwita hivyo. Kwa wengine wote alishakuwa Mama Kiongozi.

Walikuwapo waliompinga. Ustadhi mmoja alileta kina mama wa madrasa yake kutembea, akasikia habari za majina, akakunja uso. "Mama, haya si ushirikina?"

Mama Kiongozi hakukasirika. Alikuwa mtu wa sala, mkeka wake ulikaa nyuma ya kiti changu. Akamuuliza, "Ustadhi, ukiingia msikitini unaacha viatu mlangoni. Umeviabudu?"

Ustadhi akacheka mpaka akajishika kiuno. Akaja dirishani akaniachia jina lake, refu, na la baba yake na la babu yake. Mle ndani akaitwa Viatu.

Majina ya msituni alitoa yeye, na hakuwa na huruma. Mwenye kipara aliitwa Mwanga. Mwenye kulalamika aliitwa Bado. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ikwiriri, kila mwaka alileta familia nzima na chupa za chai na chapati za viungo. Kwa unene wake na mwendo wake, Mama Kiongozi alimwita Taratibu. Mzee alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukiingia dukani kwake kununua misumari na yeye yuko nyuma, anasema kwa sauti, "Karibu, Taratibu yupo." Wajukuu wake wanaona aibu.

Vijana wa Dar ndio waliomchosha hasa. Walikuja kundi zima, wamevaa miwani ya jua, simu zimeinuliwa juu tangu getini. Yeye akawaeleza utaratibu, wakasema poa, mama, freshi kabisa. Hawajafika hata kwenye kijito cha kwanza, msichana mmoja akampigia mwenzake kelele kwa jina, aje aingie kwenye video. Mama Kiongozi akakaa chini palepale, katikati ya njia. Hakugomba. Akasema, "Turudi tukaanze upya." Wakadhani utani. Wakambembeleza, wakamwambia jua linakwenda, mmoja akasema wao wameshalipa. Akawajibu magoti ni yake, na yeye ndiye mwenye sababu ya kutotaka kurudi, kwa hiyo wasimlilie. Nikashangaa kuwaona wote wanarudi getini wamenuna, wanapanga mstari, wananiambia majina upya. Yule msichana jioni alipoitika alikuwa na machozi. Sijui kilichomliza. Labda ni uchovu tu.

Hakuwahi kusema uongo, isipokuwa kwenye umbali. Ukimuuliza bado mbali, jibu lake ni "karibu kidogo". Ukiwa umetoka getini sasa hivi ni karibu kidogo, na ukiwa umelala chali kwenye mawe huwezi tena ni karibu kidogo. Wakitoka wananishitakia mimi. Dereva, yule mama wako muongo. Nami nasema poleni.

Na sasa jambo lililonishangaza kuliko yote. Maji yale hakuyapenda. Aliyaita makelele. "Kazi yangu mimi ni kupeleka watu kwenye makelele na kuwarudisha," alikuwa anasema. Hakuwahi kuoga pale, maji ya baridi aliyaogopa mno. Wageni wakitoka wanatetemeka, midomo imekauka, anawagombeza kama watoto, halafu anavua khanga yake ya juu anawafunika. Na wote walinisimulia jambo lilelile: wakifika, yeye anakaa juu ya jiwe moja, anayapa maporomoko mgongo, mpaka muda wa kuondoka.

Nilimuuliza. Tulikuwa tunakula, maana mle ndani hakutia kitu mdomoni, alikula akishatoka tu, wali wa nazi na pelege wa kukaanga kwenye kihotipoti, kijiko kimoja chake kimoja changu.

"Mama, mbona wanasema hutazami maji?"

"Maji nimeshayaona."

"Sasa unatazama nini?"

Akatoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka kwenye mfuniko. "Natazama watu wakiyaona. Mtu akiyaona mara ya kwanza, uso unamlegea, anakuwa kama alivyokuwa mdogo. Hata huyo bwana wa halmashauri aliyekuja na tai. Haichukui muda, kisha anakumbuka simu yake." Akachota wali. "Wako sijauona."

"Nani atashika majina?"

"Ndiyo hapo."

Mazungumzo yalikuwa yanaishia hapo kila mara. Siku moja nitakupeleka. Nani atashika majina? Ndiyo hapo. Tuliyarudia mpaka yakawa kama kuagana.

Binti yake aliwahi kumchukua akakae naye Mbagala. Mama umezeeka, kazi gani hii ya kupanda milima na watu wasiokujua, njoo upumzike. Akaenda. Nikapata kiongozi mwingine wa muda, kijana mzuri tu, ila watu walitoka msituni wakiwa kama wametoka sokoni. Hata mwezi haujaisha, nikamkuta kando ya barabara Ikwiriri na fimbo yake. Umechelewa. Nikamuuliza Mbagala vipi. Akasema kule kuna makelele kweli, lakini hakuna hata moja la maana. Baadaye binti yake ndiye aliyehamia Ikwiriri kumfuata, akafungua genge la mama lishe karibu na stendi. Kwa hiyo nani alimchukua nani, sijui.

Sikuona mwanzo wa mambo, na sidhani kama yupo aliyeona. Alimwita mgeni mmoja Mwanga wakati ana nywele tele. Tukacheka. Chai akaitia chumvi. Tukacheka tena. Siku nyingine tumeshavuka daraja kitambo, tunakata kona za milimani, akanyoosha mkono juu ya usukani. Nikapunguza mwendo. Akatazama nje, kulikuwa na vichaka na mbuzi. "Tumeshavuka?" akauliza. Nikasema tumevuka, mama. Akarudisha mkono, akaukanda kwa ule mwingine mpaka getini.

Halafu ikaja ile jioni. Ulikuwa msafara wa walimu wa shule moja ya msingi upande wa Mkongo. Walitoka wote salama, wamechoka, wamefurahi. Nikasimama getini nikaita, wakaitika, wakapanda gari. Nikabakiwa na jina moja. Nikaliita. Mama Kiongozi akanipita, akaenda kufungua mlango wake wa mbele.

Nikadhani hakusikia, maana mwalimu mmoja alikuwa anaimba. Nikaliita tena kwa nguvu.

Akageuka. "Unamwita nani?"

Nikatabasamu, nikijua ananitania kama kawaida yake. Yeye hakutabasamu. Alinitazama vizuri, usoni, akingoja nimjibu. Kisha akasema, "Washa gari, baba. Watu wamechoka." Nikawasha. Njia nzima walimu wamelala, yeye anakanda magoti, mimi nina jina la mtu kichwani na sijui nilipeleke wapi. Tulipofika Ikwiriri niliteremka nikamshika mkono mpaka mlangoni kwa binti yake. Binti alinitazama, nikaona anajua. Hakumruhusu tena kwenda.

Nilikuwa nampitia kumsalimu kila nikipata nafasi. Baraza ndogo, ndoo za genge, mvuke wa maharage. Nakaa naye kidogo, namwambia habari za njia. Kabla ya kuondoka nilikuwa namwita, polepole, bila binti kusikia. Jina lake. Nilitaka aitike mara moja tu, basi, roho yangu itulie. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu anayezungumza kwenye simu. Nilivunjika moyo mara nyingi. Wengine kuwasahau ilikuwa sawa, hata mimi angenisahau ningeelewa, lakini lile lilikuwa lake.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni masika haya. Nilipofika alikuwa amesimama nje, yeboyebo miguuni, fimbo mkononi.

"Umechelewa," akasema.

Binti yake akatoka anafuta mikono. "Tangu asubuhi yuko hivyo, kaka. Anasema ana safari na wewe."

"Tuna safari?" nikamuuliza mama.

"Hujaenda hata siku moja. Wote nimewapeleka, wewe hapana. Unataka nife?"

Binti akaangalia pembeni. Nikasema nitamrudisha kabla ya magharibi. Binti akaingia ndani, akarudi na kihotipoti na khanga ya kumfunika miguu, akampandisha mbele, akafunga mlango kwa mikono miwili.

Darajani nilipunguza mwendo. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Aliutazama mwanzo mpaka mwisho. Getini mlinzi alimpokea kwa heshima zote, akaleta kiti cha plastiki. Mama akakikataa, akakaa kwenye kiti changu cha dereva, miguu nje.

"Leo nabaki mimi," akasema. "Njoo uniachie jina."

Kwa kweli nilisita. Nilimtazama mlinzi, mlinzi akatazama miti. Mtu ambaye lake limemtoka, utampaje lako? Mimi siyo mshirikina, lakini miaka yote ile nimeshika majina ya watu, nimewaona wakiitika, na najua hali ya jina lisilojibiwa. Yeye alikuwa ameinua uso, anangoja. Nikainama mbele yake kama alivyokuwa akiinama yeye dirishani kwangu.

"Shabani," nikasema.

"Shabani." Akatikisa kichwa. "Humo ndani wewe ni Wa Garini. Njia ni moja. Vijito ni viwili, cha kwanza ruka, cha pili usiruke, kanyaga mawe. Ukisikia makelele usikimbie. Tembea kwanza, shangaa baadaye."

"Ni mbali?"

"Karibu kidogo."

Muongo. Nilipanda mpaka mapaja yakawaka moto, shati likanigandia mgongoni, nikakaa chini mara kadhaa nikitukana kimoyomoyo umri na wali wa nazi. Msitu ule una giza lake mchana, maji yanadondoka hata mvua ikiwa imekatika. Kijito cha kwanza nikaruka. Cha pili nikakanyaga mawe. Kisha nikasikia, na kusema kweli nilikuwa nimeyasikia miaka yote kutoka getini nikidhani ni upepo.

Sitayaeleza sana maporomoko. Wengi mmeyaona kwenye simu za watu. Ni mengi, ni meupe, yanaanguka kutoka juu kuliko nilivyodhani na hayana habari na wewe. Nilisimama nikalowa. Najua uso wangu ulilegea, niliusikia ukilegea. Nikageuka kutazama jiwe. Lipo kweli, limelainika kwa kukaliwa, linatazama njia. Halikuwa na mtu. Hapo ndipo nilipolia, nisidanganye, nikalia kwa sauti, maana makelele yale yanakuruhusu. Alitaka kuuona uso wangu, na siku imefika yeye yuko getini kwa ajili yangu.

Sikukaa sana. Wakati wa kurudi, nimeshavuka vijito vyote na makelele yamebaki nyuma, nikasikia sauti nyingine mbele, ndogo, ya kujirudia. Nikadhani ndege. Nikaenda hatua chache, nikasimama.

"Shabani. Shabani. Shabani."

Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa ya mtu anayehesabu tasbihi, imekauka, inakatika katikati na kuanza tena. Nikatembea haraka kuliko magoti yangu yanavyotaka. Mlinzi alikuwa amesimama kwenye geti na kikombe cha maji mkononi.

"Tangu umeingia hajanyamaza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Maji hataki, chakula hataki. Anasema akifungua mdomo kwa kitu kingine litaponyoka."

Alikuwa palepale kwenye kiti changu, macho yamefumbwa, mkono umeshika usukani, midomo imepauka. Nikasimama mbele yake. Akafumbua macho. Akanitazama nilivyoloa, akasita, nikaona anatafuta, kisha akaita vizuri, kwa sauti ya getini, kama mtu anayetua mzigo.

"Shabani."

"Naam."

"Umetoka," akasema, akanywa maji ya mlinzi yote.

Nikavua shati nikalikamua. Yeye akanirushia khanga ya miguuni nijifunike, akanigombeza kwa kuloa. Tukala wali kwa kijiko kimoja chake kimoja changu. Aliponiuliza kama nimeyaona makelele nikasema nimeyaona. Akaniangalia usoni muda mrefu, akacheka kidogo. Nikaona wakati ndio huo. Nikaweka kijiko chini, nikamwita kwa jina lake.

Hakunitazama. Aligeuka akaangalia njia nilikotokea, akakinga macho kwa kiganja.

"Huyo bado yuko ndani," akasema. "Anakuja polepole, magoti yanamsumbua. Tumngoje."

Mlinzi akaondoka akaenda zake. Nikakaa chini kwenye ngazi ya gari karibu na miguu yake, tukangoja, mpaka mbung'o wakaanza kutuuma na ikabidi nimrudishe kwa binti yake kabla ya magharibi kama nilivyoahidi. Jina lake ninalo. Msiniombe kulitaja, hajatoka bado.